Nyumba Niliyoijenga Juu ya Njia ya Kisimani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja niliyosalimiwa mpaka nikalia. Usicheke. Wewe umekua wakati wa simu, mtu anakuandikia "mambo", unamjibu "poa", mmemalizana. Sisi Waha hatukulelewa hivyo. Kwetu salamu ina magoti na makofi, ina habari za baba, za mama, za watoto, za ng'ombe, za maharage yaliyoko shambani, na ukimaliza kuuliza nawe unaulizwa. Ni jambo zuri sana. Lakini wakikuletea salamu hiyo wanawake wa mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, hata uso hujanawa, utatokwa jasho na baridi yote hii ya Kasulu.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unatafuta kiwanja. Nimesikia pia umewaambia wenzako kwamba unataka kuwa kama Mama Neema, mwenye nyumba Kasulu na nyumba Kibondo, anayekaa barazani anakunywa chai huku wapangaji wanamletea kodi. Kupata nimepata, sikatai. Mungu alinipa na mimi nilimsaidia kidogo kwa kuamka mapema. Ila watu wakiniona leo wanadhani nilizaliwa na ramani ya nyumba mkononi. Hebu kaa nikueleze. Siyo kiti hicho, hicho kina mguu mbovu, utaanguka kabla sijafika mbali.

Mimi ni wa Munanila, kule juu ambako ukisimama shambani unaona milima ya Burundi. Baba yangu alikuwa na kahawa na migomba, na nilipoolewa alifanya jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuliona: alinikatia kipande cha shamba, mimi mtoto wa kike, akasema ni changu. Kaka zangu walinung'unika siku nyingi. Wakasema msichana akiolewa na shamba nalo linaolewa. Baba akawajibu, "Huyu ana mkono wa kazi. Mwacheni tuone."

Neno lile "tuone" lilinikaa kichwani. Nyuma yangu nilikuwa na wadogo zangu wa kike, bado wadogo kweli, lakini hata wao walielewa. Nikilifanyia jambo la maana lile shamba, nao watakatiwa la kwao. Nikiliharibu, kaka zangu watasema si tulisema, na hakuna binti mwingine wa ukoo wetu atakayepewa hata shimo la mgomba. Siku ninaondoka, aliyenifuata kuzaliwa alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia, "Dada, usije ukashindwa." Alisema kwa sauti ndogo, lakini niliisikia vizuri.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Songea, aliyepangiwa kazi huku kwetu. Mtu mpole. Alikuwa amezoea uhamisho, akaamini kwamba mwanadamu anatoshwa na kitanda na sanduku moja. Nilipomwambia nataka kuuza shamba tujenge nyumba ya kupangisha mjini Kasulu, aliniuliza kama nina homa. Lakini nilikuwa nimewaona wenzake. Walimu, matabibu, makarani wa halmashauri, wanaletwa kutoka Dodoma, Mtwara, Moshi, na wakifika hawana pa kulala. Wanabanana kwenye vyumba vinavyovuja. Nikasema hawa watu kila mwaka wanakuja, na kila mwaka wanalalamika, mimi nitawajengea.

Shamba nililiuza kwa kaka yangu mkubwa, ambaye alilipa huku akitabasamu. Tofali nilichoma mwenyewe pamoja na vijana wa kukodi, mikono ikapasuka, nguo zangu zote zikanuka moshi wa tanuru. Kiwanja nikanunua kwa Mzee Kagoma, aliyekuwa anahama kwenda kuishi na mwanawe Uvinza.

Kiwanja kilikuwa kizuri ajabu. Juu kiligusa barabara, chini kilishuka hadi bondeni kwenye kisima, ile chemchemi ambayo mtaa wote walichota maji kabla bomba halijaja. Na pembeni mwake, kutoka barabarani mpaka kisimani, ilipita njia ya miguu. Ilikuwa imekanyagwa miaka mingi, ngumu kama sakafu. Mimi niliiona, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikuiona.

Sasa sikiliza desturi ya huku. Mtu akinunua ardhi, yeye na muuzaji na majirani wanautembea pamoja mpaka wote wa kiwanja, wanaonyeshana miti na mawe, halafu wanakaa chini na chungu cha pombe ya ndizi katikati, kila mtu na mrija wake. Hapo ndipo unaulizwa wewe ni nani, wa wapi, baba yako nani, unataka kufanya nini hapa. Na hapo ndipo majirani nao wanasema yao. Mzee Kagoma alinikumbusha. Mimi nilikuwa na haraka, tena nilikuwa nimekwenda ofisini nikagongewa karatasi, najiona msomi. Nikamwambia, "Mzee, siku hizi kuna muhuri."

Akanitazama. "Sawa, mama. Na huo muhuri nao unakunywa?"

Nikacheka, nikaaga, nikaondoka na karatasi yangu.

Fundi alipokuja kupima msingi alisimama juu ya ile njia akaniuliza tunaifanyaje. Nilikuwa nimepanga mistari miwili ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, geti kubwa upande wa barabara na mlango mdogo nyuma upande wa bonde. Vyumba viwili bora kuliko vyote, vyenye madirisha makubwa ya kutazama barabara, vilikuwa vinaangukia pale pale juu ya njia. Nikamwambia fundi, "Jenga. Watazunguka." Kuzunguka kwenyewe kulikuwa kupanda hadi nyuma ya mashine ya kusaga, kisha kushuka mteremko wa utelezi ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili.

Fundi akajenga. Hakuna jirani aliyesema neno. Walipita wakitazama, wakisema "hongera", basi. Nikajisemea, watu wa hapa ni waungwana kweli, wameelewa maendeleo.

Rangi haijakauka, vyumba vikajaa. Walimu wawili wa kike kutoka Dodoma, karani wa halmashauri kutoka Moshi, tabibu wa hospitali kutoka Mtwara, na wengine. Sisi wenyewe tulichukua chumba cha karibu na geti. Nilituma habari Munanila kwamba nyumba imejaa. Nilipita mjini natembea taratibu, ili kila mtu apate nafasi ya kuniona.

Kisha, asubuhi moja mapema, nikasikia hodi getini.

Alikuwa Bibi Bukuru. Ukisikia jina hilo kwetu unajua mtu ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na yeye maisha yake yote alitangulia. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndoo mkononi, na nyuma yake mstari wa wanawake wenye ndoo ulioishia barabarani. Akaweka ndoo chini, akapiga magoti, akapiga makofi. "Mwakeye," akasema. Nami nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikaitikia. Akauliza mume, mtoto, wazazi, kazi, usingizi. Tulipomaliza akaniambia kwa upole kabisa:

"Mwanangu, tunaomba kupita. Njia yetu imepotea. Tumeitafuta kote, tunaona labda imeingia humu ndani kwako."

Wewe ungesema nini? Mama mzima amepiga magoti getini kwako, umkatalie? Nikasema karibuni, piteni. Wakaingia getini, wavuke ua, watoke kwa mlango mdogo wa nyuma, wateremke kisimani. Lakini mtu wa kwetu hapiti mbele ya mlango wa mtu kama mbwa. Kwa hiyo Bibi Bukuru akabisha mlango wa kwanza, akasalimia. Akabisha wa pili, akasalimia. Na wote waliomfuata wakafanya vivyo hivyo, kila mlango, kila mpangaji, kwa magoti na makofi. Waliporudi na maji wakatua ndoo zao, wakasalimia tena, maana jua lilikuwa limepanda na huenda habari zimebadilika.

Kesho yake wakaja tena. Na keshokutwa. Hawakuruka siku, isipokuwa Jumapili walikuja wamevaa vizuri zaidi.

Tabibu wa Mtwara ndiye aliyeanza kunijia. Alikuwa anarudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, anatafuta kulala. Macho yamemwiva.

"Mama Neema," akasema, "nimeulizwa habari za ng'ombe wangu. Nikasema sina ng'ombe. Wakanipa pole, wakakaa kitako mlangoni kwangu kunifariji."

"Ni heshima, daktari. Wanakupenda."

"Najua wananipenda. Wamesema wataniombea nipate hata ndama. Mama, mimi nilipanga chumba cha kulala."

Walimu wangu wa Dodoma walijitahidi. Mmoja alijifunza kuitikia Kiha, na hilo ndilo lililommaliza, kwa sababu walipoona anaitikia wakamwongezea habari. Akawa anafika shuleni wanafunzi wameshaingia darasani. Mimi nikajaribu ujanja, nikafunga geti mpaka jua litoke. Wakakaa nje wakasalimia kwa kupitia juu ya ukuta, kwa sauti, wakitutaja majina mmoja mmoja. Karani wa Moshi, ambaye alikuwa na usingizi wa gogo, ndiye pekee aliyesema haoni tatizo. Kisha siku moja wakamwamsha hata yeye.

Wakaanza kuhama. Tabibu akatangulia, akifuatiwa na walimu, karani naye akapakia godoro lake. Waliokuja kuangalia vyumba walikuta ule mstari wa ndoo, wakaniuliza hapa ni nyumbani au ni zahanati, wakaondoka. Vyumba vikabaki vinatazamana bila watu. Baba Neema akasema kwa sauti ya mtu aliyeliona jambo tangu mwanzo, "Naweza kuomba uhamisho." Nilitamani kumpiga na sufuria.

Hapo ndipo kaka yangu mkubwa alipochagua kuja kunitembelea. Alikuwa amesikia nyumba imejaa. Akapita chumba kwa chumba, anachungulia, anagonga kuta kwa vidole, anasema "safi, safi". Wanawake wakapita na ndoo wakamsalimia, naye akawaitikia kwa furaha kubwa kuliko ilivyohitajika. Akala chakula changu akashiba, kisha akaniambia, "Kumbe baba hakukupa wewe shamba. Amewapa hawa wachota maji." Akacheka mpaka machozi. Alipokuwa anaaga akasema atawaeleza wazee nyumbani alivyoiona hali, wasije wakahangaika tena na mashamba ya mabinti. Hilo hakulisema kwa kucheka.

Sikulala. Asubuhi Bibi Bukuru akaja kama kawaida. Akaweka ndoo, akapiga magoti, akapiga makofi. Mwakeye. Nikaitikia. Akauliza mume. Akauliza mtoto. Akauliza wazazi. Kisha akauliza, "Na wadogo zako hawajambo?"

Basi, mwanangu, nikaangua kilio. Nililia uani mbele ya watu wote, kamasi na machozi, mwanamke mwenye karatasi ya muhuri.

Bibi Bukuru aliwaashiria wenzake wapite. Walipita kimya, kwa mara ya kwanza. Yeye akaketi chini kando yangu, juu ya saruji yangu mpya.

"Mwana wanje, mwanangu, nini? Nimeuliza wadogo zako tu."

Nikamwambia yote. Shamba la baba, kaka zangu, yale maneno "tuone", mdogo wangu aliyenisindikiza barabarani. Alisikiliza bila kunikatiza, anapangusa vumbi la saruji kwa kiganja.

"Kumbe," akasema. "Sisi hayo hatukuyajua."

"Mngeyajuaje, Bibi?"

"Siku ya mpaka. Ungekaa na sisi, tungekuuliza baba yako nani, ungetuambia. Tungejua tumepata binti mwenye mzigo, tungekubebea. Na sisi tungekuambia, binti, njia yetu ya maji ni hii hapa. Tungemaliza siku hiyo hiyo, na chungu kingekwisha."

"Lakini kiwanja nilinunua, Bibi. Mzee Kagoma aliniuzia."

"Kagoma alikuuzia udongo wake. Njia haikuwa yake, angekuuziaje? Yeye mwenyewe aliikuta. Alimkuta mama yangu anapita." Akanigeukia. "Kwenu Munanila mnafunga njia ya maji?"

"Hapana, Bibi."

"Baba yako akipanda migomba, njia anaifanyaje?"

"Anaiacha."

"Basi wewe ulipofika mjini ulisahau nini?"

Nakuambia, nimekaa mbele ya mameneja wa benki na maofisa ardhi wenye miwani mikubwa, na hakuna aliyewahi kunibana kama mama yule kwa swali lile. Nikaona aibu, tena ile aibu ya mtoto aliyekamatwa anaramba asali ya wageni. Nikamuuliza kwa nini hawakunigombeza tangu siku ya msingi, wakaniachia nijenge mpaka bati.

"Kumgombeza mgeni?" akasema. "Sisi tulikuja kusalimia tu." Lakini midomo ilimcheza, na nikajua kwamba mchezo mzima aliutunga yeye.

Siku ile ile nikamwita fundi. Nikamwambia avunje vile vyumba viwili vya pembeni. Baba Neema akashika kichwa. "Vile vyenye madirisha makubwa?" Nikamwambia hivyo hivyo. Fundi alinyanyua nyundo, akaishusha, akaniuliza tena kama nina hakika, akanyanyua. Nilikuwa naijua kila tofali pale. Nyingine nilizichoma nikiwa na mimba.

Wanawake wakatua ndoo zao. Hakuna aliyewaita. Tulikuwa tumejengea udongo, kwa hiyo tofali zilitoka nzima, na wao wakazipangua, wakazikwangua, wakazipanga vizuri pembeni ili zisipotee. Tukasogeza ukuta ndani, na njia ikafunguka tena kutoka barabarani mpaka bondeni, kichochoro cha kutosha mwenye ndoo kupishana na mwenye mzigo wa kuni.

Jumamosi Bibi Bukuru akaleta chungu. Tukatembea mpaka wote, jiwe kwa jiwe, kisha tukakaa. Nikaulizwa maswali yote niliyoyakimbia, nikayajibu. Mume wangu wa Songea, mtu wa chai, alidhani kile ni kinywaji cha watoto, akavuta mrija kwa bidii. Jioni alikuwa anaongea Kiha ambacho hajawahi kujifunza, akaisalimia hata nguzo ya geti na kuiulizia wazazi wake. Mpaka leo wazee wa pale wakinikuta wananiuliza ile nguzo haijambo.

Wiki iliyofuata mmoja wa wale wanawake akaniomba nimwachie nafasi ukutani, upande wa kichochoro, aweke meza ya chumvi na sabuni. Nikatazama zile tofali zilizobaki, nikatazama ule ukuta. Badala ya meza nikamjengea chumba kidogo cha duka, kile mnachokiita fremu, mlango wake ukitazama njia. Hakumaliza mwezi jirani yake akataka na yeye. Akaja fundi cherehani. Njia ile watu walipita asubuhi, mchana, jioni, na kila aliyepita alikuwa amesahau kununua kitu. Zile fremu zilinipa zaidi ya ambavyo vingenipa vile vyumba viwili vyenye madirisha makubwa. Baadaye kuna mama Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa akileta vitenge siku za soko, akaniambia, "Mama, hii njia yako iko na baraka, batu banapita sana!" Nikamwambia siyo yangu, mimi ni jirani yake tu.

Tabibu naye akarudi. Alisimama barabarani kwanza, anachungulia.

"Nasikia siku hizi wanasalimia kwa nje."

"Kwa nje, daktari."

"Basi naomba chumba changu."

Akakaa miaka. Akafungua duka la dawa kwenye fremu ya nne, akaoa huku huku, na mwisho akanunua ng'ombe, alisema ili naye apate cha kujibu.

Baba yangu alipokuja, alikuja bila taarifa, na kaka yangu mkubwa amemfuata nyuma. Mzee hakuuliza kodi wala hakuchungulia vyumba. Alichukua kigoda akakaa kichochoroni, na asubuhi nzima watu walipita wakimpigia magoti na makofi, wakimwambia wewe ndiye baba wa binti huyu, asante kwa kutuletea. Sijawahi kumwona anang'aa vile. Msimu ule ule aliwakatia wadogo zangu mashamba yao, wote, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyetumwa kuchimba mashimo ya miti ya mpaka. Mdogo wangu alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori: "Dada, nimepata." Nililia tena, ila safari hii nilikuwa nacheza.

Tangu hapo, mwanangu, ndivyo nilivyofanya kazi yangu yote. Dalali akiniita kwenye kiwanja, siangalii kwanza ukubwa. Natafuta pa kukaa, naangalia miguu. Watoto wa shule wanakatia wapi, wagonjwa wanapita wapi, mama mwenye ndizi kichwani anashukia wapi. Madalali walichoka na mimi. Mmoja wa Kibondo alinitangaza kwamba natafuta dawa za kichawi kwenye nyayo za watu.

Hiyo ilikuwa wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli imefunguliwa tena na Kibondo imejaa magari meupe. Kila mwenye hela alijenga jumba kubwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashirika, ukuta mrefu, waya juu, jiko la ndani dogo kama kabati. Nami nikaitwa nijenge. Lakini niliona Mtabila ilivyofungwa hapa kwetu Kasulu, wakimbizi wakarudi kwao, na waliojenga kwa ajili ya kambi wakabaki na funguo. Nikaenda kununua kiwanja kidogo kwenye njia ya watu wanaotoka sokoni kwenda hospitali. Nikatembea mpaka na majirani, nikanywa, nikaulizwa. Nikajenga vyumba vyenye uwanja wa kuanikia maharage na banda la kupikia nje. Wenzangu walinicheka, wakaniambia nimejenga kijiji mjini.

Mtendeli ikafungwa. Magari meupe yakaondoka. Vyumba vyangu viliendelea kukaliwa na wauguzi na walimu, na vinakaliwa mpaka leo. Siwacheki wale wenzangu, au tuseme niliwacheka siku moja tu, siku nilipokuta mbuzi wamelala sebuleni kwenye jumba la rafiki yangu mmoja, juu ya marumaru. Kisha nikamshauri atoboe ukuta upande wa njia, aweke milango ya fremu, na ajenge jiko nje. Alikasirika, akatoboa. Sasa mbuzi wana banda lao na yeye ana wapangaji.

Bibi Bukuru alifariki mwaka juzi, amekula chumvi nyingi. Kisima hakitumiki sana, bomba limefika, lakini makaburi ya familia yao yako kule ng'ambo ya bonde, na njia ya kumfikisha ni ile ile. Siku ya kumzika nilisimama kwenye mlango wa ua wangu nikaona jeneza linaingia kichochoroni, begani mwa vijana, na mtaa wote nyuma. Waliponifikia niliwaomba wasimame. Nikapiga magoti, mwanangu, na magoti yangu haya mabovu. Nikapiga makofi. Nikamwambia, "Mwakeye, Bibi," nikamuulizia watoto, nikamuulizia wajukuu, nikamuulizia mama yake niliyeambiwa alipita hapa, nikamuulizia ng'ombe, nikamuulizia maharage. Sikuruka hata kimoja. Waliobeba jeneza wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na wakasubiri mpaka nikamaliza.

Sasa nisikilize, maana chai imeisha. Nunua kiwanja, usiogope. Gongewa muhuri, ni muhimu, usije ukasema Mama Neema alikwambia karatasi haina kazi. Lakini kabla hujachimba msingi, tembea mpaka na watu watakaokuwa majirani zako, ukae nao chini, uwaambie wewe ni nani na umebeba nini. Waulize wanapita wapi. Hapo wanapopita, usijenge. Ukikuta ulishajenga, vunja mapema, tofali bado nzima. Jengea watu wanaoishi hapa, wenye kuanika maharage na kuchelewa kazini, kwa sababu hao ndio watakaokuwepo. Na mtu mzima akija kukusalimia zaidi ya kawaida, usikimbilie kufunga geti; muulize umemkosea nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kiwanja chenye hati na chenye watu. Akupe bati lisilovuja, mvua za Kasulu unazijua. Akupe wapangaji wanaolipa na wanaocheka. Na siku utakapotolewa nyumbani kwako umelala, majirani wako wakupishe njiani taratibu, wakuulizie watu wako mmoja mmoja, na asiwepo anayetaka kumaliza haraka.